Vipande Vitatu Kutoka Vitani

Sanduku lile nililipata Gikomba, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mitumba: wanasesere wasio na nywele, magari yasiyo na magurudumu, picha za kupanga ambazo hakuna ajuaye kama vipande vyake vimetimia. Lilikuwa zito kama tofali. Juu yake zilichorwa meli na vifaru na askari waliofungua vinywa, na nilipolifungua nikakuta dunia nzima imekunjwa mara nne. Mama yule aliniambia kwamba watoto hawalitaki, lina maneno mengi. Nililichukua kwa sababu ya ramani. Hata sikujua kwamba ni mchezo.

Mimi husoma chochote. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimesoma kama mbwa anavyokula, yaani kile kilichoanguka. Gazeti lililofungia nyama. Maelezo ya nyuma ya pakiti za mbolea, ilhali sina hata sufuria ya kupandia kitunguu. Kitabu cha ufundi wa friji kisicho na jalada nilikisoma mara tatu, nikajua jinsi baridi inavyotengenezwa, na friji sijawahi kuwa nayo. Nimeishi Majengo, nimeishi Kayole, nimelala karibu mwaka mzima katika stoo ya duka la mbao. Kila nilipohama nilibeba mfuko mmoja wa nguo na mmoja wa karatasi, na ule wa karatasi ndio uliokuwa mzito.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha mabati nyuma ya nyumba moja katika mtaa wa Tena. Rafiki yangu alikaa jengo la pili kutoka pale, ghorofa ya tatu, na mama yake. Kwao ni magharibi, upande wa Kakamega. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu iliyowekwa karibu na dirisha, na Jumapili alivaa kanzu nyeupe kwenda kanisani kwao kupiga ngoma. Rafiki yangu alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Dada zake wawili walikufa wakiwa wadogo, jambo ambalo mama hakulitaja ila kwa njia moja tu: kila alipopika alipakua kingi mno.

Mimi na rafiki yangu tulifanya vibarua Industrial Area. Tulitoka nyumbani alfajiri kwa miguu, tukasimama kwenye geti la kiwanda cha magodoro pamoja na wengine mia, na msimamizi akatoka na kidole chake. Wewe. Wewe. Wewe wa kofia. Wewe hapana. Aliyeguswa na kidole aliingia, na wasioguswa wakarudi walikotoka. Rafiki yangu alichaguliwa mara nyingi kuliko mimi, kwa kuwa alikuwa na mabega mapana na uso mpole. Mimi nadhani nilikuwa na uso wa mtu atakayeuliza maswali.

Siku za kutochaguliwa ni ndefu sana. Unafika nyumbani saa nne asubuhi ukiwa umechoka kama mtu aliyefanya kazi, na kazi hukufanya. Ni katika siku hizo nilianza kusoma kile kitabu cha sheria kilichokuwa ndani ya sanduku, nikaelewa kwamba ile ramani ni uwanja, na kwamba watu huketi kuuzunguka na kupigana upya vita vile vikubwa vya dunia, kila mmoja na nchi zake, askari wa plastiki na dadu. Mchezo mmoja ungeweza kuchukua wiki nyingi. Ulihitaji meza kubwa ambayo hakuna angeigusa.

Meza hiyo ilikuwa ya mzee mmoja wa ghorofa ya chini, katika jengo la rafiki yangu. Alikuwa amestaafu kutoka reli, alikofanya kazi ya ishara na kupanga nyakati za treni kwa miaka mingi, na sasa alikaa mlangoni akiangalia saa yake ya mkono kana kwamba kuna kitu kinachochelewa. Niliona meza yake kupitia mlango uliokuwa wazi, nikapiga hodi, nikamwomba. Aliniuliza mchezo ni wa nini. Nikamwambia ni wa vita vya dunia. Akaniambia niingie na viatu.

Mke wake alisimama akitutazama tukiifungua dunia juu ya meza yake ya chakula.

"Na chai nitaiweka wapi?" akauliza.

"Weka Bahari ya Hindi," mzee akamjibu. "Haina mtu."

Tulikuwa watatu. Mzee alichukua Ujerumani na Japani, kwa sababu alisema maisha yake yote amekuwa upande wa serikali na anataka kujua upande mwingine ukoje. Rafiki yangu alichukua Uingereza na Amerika. Mimi nikapewa Urusi, ambayo hakuna aliyeitaka: nchi pana, askari wengi wa miguu, meli karibu hakuna, na kazi yake kubwa ni kupigwa na kungoja. Niliipenda mara moja. Nilisoma kila nilichopata kuihusu, mito yake, milima yake, nafaka zake. Baada ya miezi miwili ningeweza kukuchorea Urusi nikiwa nimefumba macho, kipande kwa kipande, jinsi ilivyogawanywa kwenye ubao ule.

Kitabu cha sheria kilikuwa kimeng'olewa kurasa nane katikati. Pale kilipokatika, tulitunga wenyewe, na kila sheria tuliyoitunga ilizua ugomvi. Mzee alitaka treni. Alilalamika tangu siku ya kwanza.

"Askari wa miguu kipande kimoja kwa zamu, kifaru vipande viwili. Sawa. Na reli iko wapi?"

"Haiko, mzee."

"Vita gani hivi visivyo na reli? Mnadhani hao watu walitembea?"

"Mzee anataka kututoza nauli," rafiki yangu akasema.

Tulipiga kura, tukamshinda wawili kwa mmoja. Reli haikuingia.

Sheria moja lakini hatukuigombania hata kidogo. Kwa vile hakuna aliyejua ni nani atakayechaguliwa getini kesho, tuliafikiana kwamba aliyepata kazi nchi zake hazishambuliwi mpaka arudi. Mke wa mzee alikuwa na vile vitambaa vya kufuma, vyeupe, vya kila ukubwa, juu ya viti, redio, mtungi wa maji. Tukavichukua. Rafiki yangu akiingia kiwandani wiki nzima, tulifunika Uingereza kwa kitambaa cha redio na Amerika kwa cha kochi, na mimi na mzee tukapigana mbele ya Moscow kama ndugu wawili walioachwa nyumbani. Ungeingia sebuleni siku hizo ungejua hali ya ajira Nairobi kwa kuangalia tu ni nchi gani zimefunikwa.

Afrika Mashariki yetu ilikuwa kipande kimoja cha rangi ya Mwingereza, bila askari hata mmoja.

"Si wewe ndiye mkoloni wetu?" nilimwambia rafiki yangu. "Leta hata mtu mmoja amlinde mathe."

"Nairobi itajilinda. Kwani ni nani anayeitaka?"

"Mjapani anaweza kuitaka," mzee akasema, akisogeza meli.

"Aichukue. Aanzie na kulipa rent."

Ndivyo tulivyoishi, na sidhani niliwahi kuwa na furaha namna ile kabla wala baadaye. Sisemi haya ili kupamba. Ni kwamba nikikaa na kuhesabu, naona miezi ile peke yake.

Kisha kiwanda kikaleta mashine ya kukata sponji, na kidole cha msimamizi kikawa kifupi. Walichukua kumi badala ya arobaini. Rafiki yangu hakuchaguliwa wiki moja, wiki mbili, mwezi. Vitambaa vilirudi kwenye viti vyao. Hapo ndipo mtu mmoja aliyejuana na watu wa kanisani kwao akaleta habari za kazi Urusi. Kupanga mizigo katika stoo. Mkataba wa miaka miwili, chakula na kitanda, tiketi wanalipa wao. Rafiki yangu alileta karatasi zile kwa mzee akaziweka juu ya Bahari ya Atlantiki.

"Soma, Mrusi," akaniambia. "Nchi ni yako."

Nilisoma. Upande mmoja ulikuwa Kiingereza, upande mwingine herufi zao. Kiingereza kilisema kazi za stoo, kisha chini kidogo kikasema na huduma nyinginezo kama mfanyakazi atakavyoelekezwa. Niliyaona maneno hayo. Nikafikiria kufagia, kupakua usiku, kusafisha choo cha bosi. Nilifikiria kama kibarua anavyofikiria.

Mama yake alikataa. Alikuwa amesikia redioni kwamba kule kuna vita, na hakutaka kusikia jambo jingine. Walibishana siku tatu, na sauti ya cherehani ikawa inakatika na kuanza, inakatika na kuanza. Siku ya nne mama akasema neno lake la mwisho: "Hutaenda mpaka nijue vita viko wapi na wewe utakuwa wapi. Anionyeshe mtu anayejua."

Mtu anayejua nilikuwa mimi.

Alishuka kwa mzee saa nane mchana, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, nyuzi za rangi ya maruni zimemganda kwenye mikono. Alikuwa hajawahi kuiona ile meza. Alizunguka polepole akiangalia askari wadogo, akauliza Kenya ni ipi, akaonyeshwa, akatikisa kichwa. Halafu akasema, "Haya, mwanangu. Nionyeshe."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimelitafuta jina la mji wa kwenye mkataba kwa simu, nikaona uko nyuma ya milima ya Ural, na nyuma ya milima hiyo kwenye ubao wetu palikuwa na kipande kikubwa cha kijani ambacho nilikitumia kuwaweka askari wapya. Niliweka kidole hapo. Nikaweka kidole kingine mahali vita vilipo siku hizi. Nikahesabu mbele yake kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu.

"Vipande vitatu, mama. Askari wa miguu anahitaji zamu tatu kuvivuka, kama hakuna anayemzuia. Na tangu tuanze kucheza, hakuna adui aliyewahi kufika hapa. Hata mara moja. Mzee ni shahidi."

Mama alimtazama mzee. Mzee alivua miwani.

"Hiyo ramani ni ya mwaka gani?" akaniuliza.

"Milima haihami, mzee," nikamjibu.

Rafiki yangu alicheka. Mzee hakusema kitu kingine, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Labda aliona aibu kubishana na kijana mbele ya mgeni. Labda naye aliamini, kwa sababu kweli hakuwahi kufika pale, na majeshi yake yote yalikuwa yamekufa njiani.

Mama aliinama, akakigusa kile kipande cha kijani kwa ncha ya kidole kama anayepima joto la maji ya mtoto. "Baba mkwe wangu alipelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kwenye vita vya Wazungu," akasema. "Alirudi. Alirudi na koti." Akanyooka. "Basi, kama wewe umesoma, mimi nitasema nini?"

Rafiki yangu aliondoka baada ya wiki tano. Siku moja kabla, alikuja kufunika nchi zake mwenyewe, Uingereza kwa kitambaa cha redio, Amerika kwa cha kochi.

"Mzee, nisisikie umegusa Misri."

"Misri nitakuwekea."

"Na wewe, Mrusi, chunga nyumba yangu. Si sasa nakuwa raia wako?"

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa picha: theluji juu ya paa, sahani ya viazi, vitanda vya chuma vilivyopangwa. Niaje Mrusi, manze nchi yako ni baridi. Nilimjibu kwa maswali kumi na mawili. Theluji ina harufu? Mkate wao una rangi gani? Wanapanga vipi mizigo, kwa namba au kwa rangi? Alijibu la mkate tu. Wiki ya pili aliandika kwamba wamesainishwa karatasi nyingine, isiyo na Kiingereza. Wiki ya tatu hakuandika. Kisha ikaja sauti yake, sekunde arobaini hivi, akinong'ona, na nyuma yake mlio wa kitu kizito kinachogonga kwa mpigo mmoja, tena na tena.

"Buda, tuko kwa treni. Siku ya pili sasa. Wametupea nguo za jeshi. Nimekumbuka ile kitu yako, vipande vitatu. Tumevipita vyote, msee, tukiwa tumelala." Halafu akacheka, kicheko kilekile cha siku dadu zilipomwangukia vibaya. "Mathe usimwambie. Mwambie niko stoo."

Niliisikiliza nikiwa nimesimama nje ya kibanda cha mboga, mkononi nina sukuma wiki. Niliisikiliza tena. Nilikwenda kwa mzee nikamwekea sikioni. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho, na nilijua anasikiliza nini. Anasikiliza magurudumu.

"Wanakwenda kasi," akasema. "Reli nzuri."

Hakuniambia kwamba alinionya. Ningefurahi kama angeniambia.

Nilimwambia mama yuko stoo. Nilipanda ghorofa tatu, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia kazi ni nzuri, simu hairuhusiwi ndani kwa sababu ya mizigo ya watu. Hilo la mizigo nililitunga papo hapo, na lilitoka vizuri, kama sheria za mchezo zilivyotoka. Nilikwenda tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kila mara alinipakulia. Nilikula chakula cha mtu mwingine na kumwambia mpishi kwamba mwenye chakula ameshiba.

Ujumbe nilioutuma haukufika. Alama moja ya kijivu, siku ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Mchana mmoja jirani wa mama alimwita aje aone televisheni. Akina mama walikuwa wamesimama kwenye jengo fulani mjini wameshika picha za watoto wao, na mtangazaji alikuwa akieleza walivyochukuliwa kwenda vitani Urusi. Nilipofika jioni alikuwa kwenye cherehani.

"Yuko stoo?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo, mama."

Akashona. Akauliza tena, kwa sauti ileile, "Yuko stoo?"

Akaendelea kukanyaga, kitambaa kikaendelea kusonga chini ya sindano, pindo zima la sketi, mpaka mwisho. Aliponyanyua nguo tuliona kwamba hakukuwa na uzi. Matundu madogo tu, yamenyooka sawasawa.

Baada ya hapo mimi na mama tulianza kuzunguka ofisi za serikali. Mimi nilijaza fomu kwa sababu ndimi mwenye mwandiko mzuri. Tarehe ya kuondoka, namba ya pasipoti, mara ya mwisho kuwasiliana. Walikuwa watu wa heshima. Walituambia tutapigiwa. Tulirudi kila Alhamisi, tukawafahamu akina mama wengine, tukajua nani analetewa habari na nani haletewi. Mke mmoja alirudishiwa mume wake akiwa hai, amekatwa mguu. Wote walimtazama kwa wivu.

Nilijifunza herufi za Kirusi. Kila mtu aliniuliza kwa nini. Nilianza na jina la ule mji, kisha maneno ya kwenye nyaraka ambazo akina mama walikuwa wakionyeshana: mkataba, hospitali, amejeruhiwa, hajulikani alipo, ameuawa. Niliyaandika kwenye kipande cha katoni juu ya kitanda changu. Niliacha kwenda getini. Wakati mwingine niliamka asubuhi na kukuta nimelala na nguo na viatu na sikumbuki niliingia saa ngapi, na sikuwa nimekunywa kitu.

Wajomba wa rafiki yangu walimpigia mama simu kutoka nyumbani. Mwaka tangu apotee ulikuwa unakaribia kwisha, na kwetu, walisema, mtu aliyepotea hawezi kuachwa akizunguka bila kaburi. Ukatwe mgomba, uzikwe badala yake, watu walie, waende zao. Ndivyo inavyofanywa. Walimweleza kwa upole na walikuwa tayari kugharimia kila kitu. Nilikuwa nimekaa pale mama akiwasikiliza.

"Sitazika mgomba," akawaambia, "na mtoto ana simu."

Sebuleni kwa mzee vitambaa vilikaa. Hatukucheza. Nilikuwa nikienda, tunaketi kila mtu upande wake, yeye anaangalia saa. Siku moja nilitaja kwamba pengine tungeendelea, tukiacha upande ule ulivyo. Mzee alishika dadu, akazizungusha mkononi, akazirudisha. "Zamu si yangu," akasema. Ilikuwa zamu ya Mwingereza.

Mwezi wa nane wanawake wa ushirika walipangwa kukutana kwa mke wa mzee. Alikuwa amevumilia meza ile karibu miaka miwili akila na sahani mapajani. Mimi na mama wa rafiki yangu tulipotoka kwenda ofisini Alhamisi hiyo, mke wa mzee alikusanya kila kitu kwenye beseni, akafua vitambaa, akavianika. Nilivikuta kwenye kamba, Uingereza na Amerika, vimeshikwa na vibanio. Mzee alikuwa mlangoni.

"Nilimwambia angoje," akasema. "Aliniuliza ningoje nini."

Askari wote walikuwa kwenye beseni moja, wa rangi zote. Tungeweza kuwapanga upya. Lakini kwamba Misri ilikuwa na watu wangapi, na meli zake zilisimama bahari gani, aliyekuwa akikumbuka mambo kama hayo alikuwa yeye.

Karatasi ilikuja siku kumi baadaye. Kijana mmoja Mkenya aliyekuwa hospitali kule aliipiga picha, akamtumia dada yake wa mtaa wa Umoja, na dada yake akamtumia mama. Mama aliipeleka saiba, kwenye duka la kompyuta, ikachapishwa, kwa sababu hakutaka kuisoma kwenye kioo kidogo. Alinikuta chumbani kwangu. Hakuwahi kufika hapo kabla. Alitazama mabati, katoni yenye maneno, mfuko wa karatasi, akaketi kwenye kitanda.

"Ni lugha yao," akasema. "Nisomee."

Niliichukua kwa mikono miwili. Herufi za juu zilikuwa mhuri, hazikusomeka vizuri. Chini yake kulikuwa na jina lake, limeandikwa kwa herufi zile, likiwa na sauti ngeni kidogo lakini ni lake. Nililisoma, na mama akaitikia kwa kichwa. Nikasoma tarehe ya kuzaliwa. Akaitikia tena. Kisha mstari mrefu ambao sikuujua, na katikati ya mstari wa pili lilikuwepo neno moja kati ya yale matano ya kwenye katoni.

Ningeweza kusema ni lile la nne. Hajulikani alipo. Angekwenda nalo nyumbani, angeishi nalo, angepakua nalo. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Wanasema ameuawa, mama."

Hakulia. Alikuwa akinitazama jinsi alivyoutazama ule ubao siku ile, akizunguka polepole.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata siku ile ulikuwa na hakika," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningeijua hasira. Alinyoosha mkono akaichukua karatasi yake, akaikunja, akaitia katika mkoba pamoja na tepu yake, akasimama. Akasema kwamba atatafuta mtu mwingine wa kuisoma, mtu aliyesomea.

Tulimpata Buruburu, daktari wa meno, dada mmoja aliyesoma chuo kikuu huko Urusi miaka sita. Tulingoja kwenye benchi kati ya watu walioshika mashavu. Mama alikaa mbali nami kwa nafasi ya mtu mmoja. Nilikuwa nikiomba, na mimi si mtu wa kuomba, kwamba nimekosea, kwamba herufi moja niliipindua, kwamba mimi ni mjinga niliyeacha shule kidato cha pili na kubabaisha watu kwa karatasi za kufungia nyama.

Daktari alivua glavu, akaipokea karatasi, akaisoma. Akairudia tangu juu. Kisha akainua macho, na badala ya kumtazama mama akanitazama mimi, kana kwamba ananiomba nimwambie mimi.

Mama aliona alikotazama.